Mmeachana, mkopo wa nyumba bado unadai: nani analipa, benki uiambie nini, mahakama inaweza nini

Mizani ya Ilala (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni. Swali hili linarudi humu kila mara na jibu huwa "tafuta wakili", kisha uzi unakufa. Wakili utamhitaji, ila ipo kazi ya kufanya kabla hujamlipa hata shilingi. Naandika kwa Tanzania Bara. Vifungu nitakavyotaja ni vya toleo la sheria zilizorekebishwa la 2019. Tangu 1 Julai 2025 linatumika toleo la 2023, kwa hiyo namba zilinganishwe kabla hujaziandika kwenye karatasi ya mahakama.

Tuanze na lile ambalo watu hawapendi kulisikia. Benki haikuwepo siku ya ndoa yenu na haitakuwepo siku ya talaka. Mahakama ikiandika kwenye hukumu kwamba mume ndiye atakayemalizia mkopo, hukumu hiyo inamfunga mume kwako wewe. Haimfungi afisa mikopo. Kama mlisaini wote wawili, kila mmoja anadaiwa deni lote, sio nusu. Mwenzako akikaa miezi minne bila kulipa, jina lako linachafuka kwenye taarifa za wakopaji pamoja na lake.

Kwa hiyo kabla ya yote nenda tawini ukaombe nakala ya faili la mkopo na utazame umesaini kama nani. Kuna nafasi tatu na watu wanazichanganya sana:

Mkopaji. Jina lako liko kwenye barua ya mkopo. Unadaiwa kila kitu, na mshahara wako unaweza kuguswa.

Mdhamini. Ulisaini dhamana kwamba mkopaji akishindwa utalipa wewe. Tazama kama kuna ukomo wa kiasi.

Mwenza aliyeridhia. Ulisaini tu fomu ya ridhaa, mara nyingi na kiapo mbele ya wakili, kwa sababu kifungu cha 114 cha Sheria ya Ardhi hakiruhusu nyumba ya wanandoa kuwekwa rehani bila ridhaa ya mwenza. Hapo hudaiwi. Ulichoridhia ni kwamba nyumba iuzwe mkopo usipolipwa. Ukianza kulipa marejesho, unaiokoa nyumba, hulipi deni lako. Tofauti hii itakuwa na kazi baadaye kwenye mgawanyo, kwa hiyo kila malipo yapite benki, na kwenye maelezo andika namba ya mkopo, mwezi, na jina lako kama mlipaji. Ukimkabidhi shemeji fedha taslimu akakulipie, umetupa ushahidi.

Siku hiyo hiyo badilisha mawasiliano. Notisi huenda kwenye anwani iliyoko kwenye faili, na ujumbe wa simu unaenda namba iliyoandikishwa. Nyumba nyingi zinafika kwa dalali huku aliyebaki ndani hajui kitu, maana taarifa zote zilikuwa zinamfikia aliyeondoka.

---

Tegeta Kibaoni

Naweka kiti. Ila mkuu, mimi nimesoma mtandaoni kwamba ukitengana na mwenza serikali inakulipia riba ya nyumba. Hiyo huku haipo?

---

Mizani ya Ilala

Hiyo ni ya Uingereza, mkuu, na hata huko sio sadaka. Tangu Aprili 2018 ni mkopo unaodhaminiwa na nyumba yenyewe, unaingizwa moja kwa moja kwa mkopeshaji, unalipia riba tu na haugusi deni la msingi. Kwa walio katika umri wa kufanya kazi, ukomo wa deni linalohesabiwa ni pauni 200,000, na lazima uwe umepokea posho ya Universal Credit miezi mitatu mfululizo. Ndugu zetu wa huko wenye viza iliyoandikwa kwamba hawaruhusiwi kutumia fedha za umma hawaingii kabisa. Wakiomba wanaweza kuhatarisha viza.

Huku hakuna mfuko wa namna hiyo. Msaada wa kweli unatoka kwa benki yenyewe kwa kupanga upya mkopo, kwa mwenzako kwa hiari au kwa amri, na kwenye mali nyingine mliyochuma pamoja.

---

Karani wa Masijala

Nakazia kwenye kupanga upya mkopo, maana hapo ndipo watu wanaumia huku wakidhani wamesaidiwa. Tuchukue deni lililobaki milioni 60, riba asilimia 17 kwa mwaka inayokokotolewa kwa salio linalopungua, miaka 12 imebaki. Rejesho ni kama shilingi 979,000 kwa mwezi.

Afisa mikopo atakwambia "tukuongezee muda ufike miaka 18". Rejesho linashuka hadi kama 893,000. Umepata ahueni ya shilingi 86,000 tu, wakati jumla utakayolipa imepanda kutoka milioni 141 hadi karibu milioni 193. Sababu ni kwamba kwa riba hiyo, riba peke yake ya mwezi wa kwanza ni 850,000. Hata ukiambiwa ulipe miaka mia, rejesho haliwezi kushuka chini ya hapo.

Sasa linganisha na kupunguza deni la msingi. Mkiuza kiwanja au gari mliyokuwa nayo pamoja mkaingiza milioni 10, deni likawa milioni 50 kwa miaka ile ile 12, rejesho linakuwa kama 816,000. Ahueni ya 163,000 kila mwezi, na miaka haijaongezeka hata mmoja. Ndiyo maana mali ndogo zitazamwe kwanza, kabla watu hawajaanza kugombania makabati.

Na "mapumziko ya marejesho" ya miezi mitatu? Yakubali kama huna namna, ila ujue riba hailali. Ikiongezwa kwenye deni, milioni 60 inakuwa kama milioni 62.6 siku unayoanza tena kulipa. Muulize afisa kwa maandishi: riba ya kipindi hiki inaingia kwenye deni la msingi au inakaa pembeni? Na adhabu ya ucheleweshaji imesimamishwa au inaendelea?

---

Mama Kaunta

Niongezee upande wa barua yenyewe. Barua ya "naomba mnisaidie nina matatizo ya kifamilia" inakaa kwenye trei hadi inageuka njano. Inayosomwa ina vitu hivi: namba ya mkopo, tarehe mliyotengana, kipato chako peke yako pamoja na hati za mshahara za miezi mitatu au taarifa ya akaunti ya biashara ya miezi sita, matumizi ya watoto, kiasi unachoweza kulipa kuanzia tarehe fulani, na kwa muda gani. Kama ni mwajiriwa wa serikali, kokotoa mwenyewe ile theluthi moja ya mshahara wa msingi ambayo lazima ibaki mkononi. Ukiomba rejesho linalovunja hiyo, ombi linarudi hata kama meneja anakupenda.

Peleka nakala mbili. Moja igongwe muhuri wa kupokelewa, na tarehe ionekane vizuri. Wakikataa au wakikaa kimya, unaandika lalamiko rasmi kwa benki yenyewe kwanza, kisha ndipo Benki Kuu. Ukiruka hatua ya kwanza watakurudisha mwanzo.

Jambo jingine: peleka barua kabla hujakosa rejesho la kwanza. Mkopo ambao haujachelewa unapangwa upya kwa urahisi. Ukishapitiliza siku 90, benki inatakiwa kuuhesabu kama mkopo chechefu, yaani usiolipwa ipasavyo, na kutenga fedha za kufidia hasara, na hapo mazungumzo yanahamia kitengo cha kukusanya madeni. Lugha ya kule ni nyingine.

---

Mvua za Vuli

Asanteni sana. Je, mke ambaye hati ni ya mume, mkopo ni wa mume, yeye ni mama wa nyumbani, na mume ameondoka na halipi? Ana nguvu gani?

---

Mizani ya Ilala

Anayo, dada, zaidi ya wanavyomwambia mawifi.

Kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinampa haki ya kuendelea kuishi kwenye nyumba ya ndoa mpaka ndoa ivunjwe au mahakama iamue vingine, na kinamruhusu kulinda maslahi yake kwa kuweka zuio kwa Msajili wa Hati, lile mawakili wanaloliita kaveati. Zuio haliondoi rehani ya benki iliyotangulia. Kazi yake ni kumnyima mume nafasi ya kuuza kimya kimya au kuongeza mkopo mwingine juu ya hati ile ile.

Kifungu cha 115 kinairuhusu mahakama kumwamuru mume atoe matunzo, hata wakati shauri la ndoa linaendelea. Hapa watu wanakosea kwa kuomba "matunzo" kwa jumla. Weka jedwali: chakula kiasi fulani, ada, matibabu, na mstari unaojitegemea wa rejesho la nyumba, ukiambatisha ratiba ya marejesho ya benki. Omba fedha hiyo ilipwe moja kwa moja kwenye akaunti ya mkopo, isipitie mkononi kwa mtu yeyote. Matunzo ya watoto yanasimama kwenye Sheria ya Mtoto ya 2009, na ofisi ya Ustawi wa Jamii ndipo wengi huanzia.

Kuhusu umama wa nyumbani: mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, ilikubali kwamba kazi za nyumbani ni mchango katika kupatikana kwa mali. Ila mchango unapimwa. Haimaanishi nusu kwa nusu moja kwa moja, na anayekwambia hivyo anakuuzia ndoto.

---

Karani wa Masijala

Na hapo ndipo kinaingia kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa. (Ndiyo, ni 114 kama kile cha Sheria ya Ardhi. Nimeona maombi yaliyochanganya hivi viwili.) Mahakama inapogawa mali hutazama mila za wahusika, mchango wa kila mmoja kwa fedha, mali au kazi, mahitaji ya watoto, na madeni ambayo mmoja wao anadaiwa lakini yalichukuliwa kwa manufaa ya wote. Maneno haya ya mwisho ndiyo silaha ya anayelipa mkopo peke yake, na ajabu ni kwamba hati nyingi za madai haziyataji kabisa. Watu wanaomba nyumba, wanasahau kuomba deni nalo ligawanywe.

Mfano rahisi. Nyumba ina thamani ya soko ya milioni 95, deni milioni 60. Kinachogawanywa ni 35, sio 95. Ukimwahidi mwenzako "nusu ya nyumba" bila kutoa deni, umemwahidi milioni 47 na nusu, wakati nyumba nzima baada ya benki haina fedha hiyo. Mpate mthamini aliyesajiliwa, na kwenye ripoti yake msome namba mbili: thamani ya soko na thamani ya mauzo ya haraka. Mnazungumza kwa kutumia ya kwanza.

Tahadhari mbili za utaratibu. Amri ya mgawanyo inatolewa mahakama ikishatoa amri ya talaka au ya kutengana. Kuishi mbali mbali tu hakutoshi. Na dai la talaka kwa kawaida linatakiwa kuambatana na cheti cha Baraza la Usuluhishi la Ndoa, ile Fomu Na. 3, isiyozidi miezi sita tangu itolewe. Mtu anakwenda baraza Januari, wanabembelezana hadi Septemba, anafungua kesi kwa cheti kilichokufa, kesi inatupwa. Muda wote huo adhabu ya benki inakimbia.

---

Chumvi ya Pemba

Assalaam alaykum. Nasisitiza lile la mwanzo kwa wenzetu wa Unguja na Pemba: Sheria ya Ndoa ya 1971 haitumiki kwetu. Waislamu huanzia Mahakama ya Kadhi, na masuala ya ardhi yana sheria zake. Msichukue namba hizi za vifungu mkaenda nazo mahakamani Mwanakwerekwe, mtachekwa.

---

Tegeta Kibaoni

Na ambao hawakufunga ndoa? Waliishi tu, wamejenga kwa mkopo, wameachana.

---

Mizani ya Ilala

Kifungu cha 160 cha Sheria ya Ndoa. Wakiishi pamoja miaka miwili au zaidi na jamii ikawachukulia kuwa mke na mume, sheria inadhania kuna ndoa, na dhana hiyo inaweza kupingwa kwa ushahidi. Kwa hiyo kusanya vitu vinavyoonyesha mliishi kama wanandoa: barua ya serikali ya mtaa, fomu za shule za watoto, bima ya afya aliyokuandikisha kama mwenza. Na angalia fomu ya mkopo! Kama alijaza "sijaoa" na huku mnaishi wote, ameidanganya benki, na suala la ridhaa ya mwenza linafunguka upya. Wakili wako atalitaka hilo mapema, sio siku ya mnada.

---

Mvua za Vuli

Kama mmoja anataka kubaki na nyumba na kuendelea na mkopo peke yake, hatua zinakwendaje?

---

Mama Kaunta

Benki inakuhesabu kama mteja mpya. Inapima kipato chako peke yako, umri wako ukilinganisha na mwisho wa mkopo, na historia yako ya ulipaji. Kutaka kwako kubaki na nyumba sio sababu. Ukipita, mkopo wa zamani unafungwa na mpya unafunguliwa kwa jina lako. Dai barua inayosema wazi kwamba mwenzako ameondolewa kwenye deni, na kama umeondolewa wewe, usitoke pale bila hiyo barua. "Tumeshakutoa kwenye mfumo" ya mdomo haina kazi.

Kipato kikipungukia kidogo, benki nyingine zinakubali mkopaji mwenza mpya, dada au kaka mwenye mshahara. Msomeeni huyo ndugu kila mstari, maana naye anadaiwa lote.

Upande wa ardhi, kuhamisha jina kwenye hati, ni Fomu Na. 29, 30 na 35, ridhaa ya benki inayoshikilia hati, na ushuru wa stempu wa asilimia 1. Kuhusu TRA, Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004 ina nafuu kwa mali inayohamia kwa mume au mke kwa sababu ya talaka au mkataba halali wa kutengana. Anayehusika anachagua kwa maandishi, na kodi ya faida ya mtaji haidaiwi siku hiyo. Neno lenyewe ni *kwa maandishi*. Pasipo barua hiyo, utakadiriwa kama aliyeuziana na mtu baki.

---

Tegeta Kibaoni

Notisi ya benki imeshafika. Siku 60. Bado kuna la kufanya?

---

Karani wa Masijala

Lipo, ila hesabu siku kuanzia ulipoipokea, sio tarehe iliyoandikwa juu. Ndiyo maana unatunza bahasha na unaandika tarehe ya kupokea mbele ya shahidi. Kifungu cha 127 cha Sheria ya Ardhi kinaitaka notisi ieleze kosa ni nini na kiasi gani kilipwe ili kulirekebisha. Kama kiasi hakilingani na taarifa ya akaunti, jibu kwa maandishi ndani ya wiki ya kwanza, ukiambatanisha hesabu yako.

Siku hizo 60 ni za kuuza wenyewe kama hamuwezi kulipa. Ombeni barua ya salio la kumaliza mkopo, yenye tarehe ya mwisho ya matumizi, kwa sababu riba inahesabiwa kila siku. Kwa deni la milioni 60 kwa asilimia 17 ni kama shilingi 27,900 kwa siku. Mnunuzi akichelewa siku kumi mna pengo la laki mbili na themanini, na benki haitoi hati mpaka pengo lizibwe. Mnunuzi alipe moja kwa moja akaunti ya mkopo, kinachozidi kiingie akaunti mliyokubaliana kwa maandishi, au ya wakili, hadi mgawanyo uamuliwe.

Ikifika mnada, lazima kuwe na tangazo la hadharani la siku 14 au zaidi. Na benki ina wajibu wa kutafuta bei nzuri: nyumba ikiuzwa kwa asilimia 25 au zaidi chini ya bei ya wastani ya nyumba zinazofanana nayo, kifungu cha 133 kinadhania wajibu huo umevunjwa, na mwenye nyumba anaweza kwenda mahakamani. Hapo ile ripoti ya mthamini inarudi kazini. Lakini msitegemee mahakama isimamishe mnada kwa sababu tu ninyi wawili mnagombana. Swali la kwanza litakuwa: deni mnalikataa au mnalikubali?

---

Mvua za Vuli

Na asiye na fedha ya wakili?

---

Mizani ya Ilala

Sheria ya Msaada wa Kisheria ipo tangu 2017. Kwa mashauri ya ndoa na mali, WLAC (kituo cha msaada wa kisheria kwa wanawake) na TAWLA (chama cha wanasheria wanawake) wanapokea, na LHRC (Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu) wana kliniki za msaada. Nenda na nakala, sio hadithi: barua ya mkopo, ratiba ya marejesho, taarifa ya akaunti ya miezi 12, cheti cha ndoa au ushahidi wa kuishi pamoja, nakala ya hati.

---

Mama Kaunta

Kabla uzi haujashuka: bima. Mkopo wa nyumba kwa kawaida una bima ya maisha ya mkopaji, na baadhi zina kifungu cha kupoteza ajira. Mwenzako akiondolewa kwenye mkopo, bima iliyokuwa juu ya maisha yake haikuhamii. Omba cheti kipya chenye jina lako na kiasi kinacholingana na deni lililobaki. Na kama aliyeachishwa kazi ndiye mkopaji, tazama kama bima hiyo ilinunuliwa na ndani ya siku ngapi unatakiwa kutoa taarifa. Malipo yake yapo kwenye ratiba ya makato ya siku ya kwanza, karibu na ada ya uthamini, mstari ambao hakuna anayeusoma.